Maji Hayamngoji Msimamizi

Mchanga wa kujengea huku Amu, yaani Lamu, huja kwa jahazi, na jahazi hupakua maji yakiwa yamejaa. Yakianza kupwa kabla hujamaliza, chombo kinalala topeni hadi maji mengine. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia ukarabati wa nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani. Siku mchanga ulipofika nilikuwa njiani kutoka Mombasa, simu imezima chaji. Vibarua walikuwapo, punda walikuwapo, lakini pesa za kuwalipa nilikuwa nazo mimi, na ruhusa ya kuamua nilikuwa nayo mimi. Maji yakatoka, tukalipia siku nzima ya bure. Kumbe ghorofani nako seremala alikuwa amekaa siku mbili akinisubiri nimwambie kizingiti kiwe na upana gani.

Niliwagombeza mafundi siku ile, na nilikosea. Kazi niliipanga mwenyewe hivyo, kila njia ipite kwangu.

Wanaoshikilia maamuzi yote hupenda kutukumbusha kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, kama chombo ni kimoja. Nyumba yenye waashi, maseremala, wapiga chokaa, fundi bomba na fundi umeme ni vyombo vitano vinavyokwenda bandari moja, na kila kimoja kinataka nahodha wake. Tena tajiri wa jahazi hajapata kumwambia nahodha ageuze tanga saa ngapi. Humwambia shehena ni hii na inatakiwa mahali fulani kabla kusi halijachachamaa. Ya baharini humwachia yeye.

Hesabu yake si ngumu. Watu 5 wakilazimika kushauriana kila mmoja na mwenzake, hizo ni jozi 10. Wakiwa 10, jozi zinafika 45. Kwa hiyo mimi naamini kupanga mradi ni kutafuta mahali pa kuikata kazi ili maswali ya lazima yapungue. Zamani nilikata kwa ufundi: waashi wamalize nyumba nzima, ndipo maseremala waingie. Kila mtu akamngoja mwenziwe. Nyumba ya pili nilikata kwa sehemu. Kikosi cha chini na kikosi cha juu, kila kimoja na mwashi wake, seremala wake na mkuu wake, na kila kimoja kinakabidhi vyumba vilivyokwisha.

Mwaka 1968 Melvin Conway, Mmarekani wa fani ya kompyuta, aliandika kwamba mfumo unaobuniwa na shirika hutoka na sura ile ile ya mawasiliano ya shirika lenyewe. Mimi nimeliona hilo kwenye ngazi. Katika nyumba ya kwanza waashi na maseremala hawakuwa na nafasi ya kusemezana, na vidato vikaja kupishana kimo pale pale kazi zao zilipokutana. Ndiyo maana safari ya pili tulikaa jioni tatu barazani, wakuu wa vikosi na mimi, tukazungumzia maungio tu: ngazi, njia ya bomba, na mahali boriti zitakapolala. Ndani ya chumba, kila mtu na kazi yake.

Wazee waliojenga mji huu, ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, walilijua jambo hili. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Mwashi hakuhitaji kumuuliza mtu, kwa sababu mpaka ulikwisha kuwekwa na mti wenyewe. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba.

Lakini mpaka peke yake hautoshi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Nilimwambia kijana mmoja, fundi hodari, apige chokaa ukuta wa msalani. Chokaa ikaisha. Hakutaka kazi isimame, akapiga saruji. Niliporudi nikafura. Mwashi mkubwa wa kikosi, mzee ninayemwita ami, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulimwambia chokaa ni ya nini?" Sikuwa nimemwambia. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na hutaka kuyatoa. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikaja juu, ukuta ukaanza kumenyuka. Yule kijana angejua kwamba tunataka ukuta upumue, chokaa ilipokwisha angehamia ukuta mwingine au angeazima chokaa kwa jirani. Nilimpa amri nikamnyima sababu, na amri haina jibu siku mambo yakibadilika. Ukuta ule tuliubandua kwa gharama yangu.

Siku hizi kila mkuu wa kikosi nampa karatasi moja. Juu yake kuna tunachokitaka na kwa nini, na kiasi anachoweza kutumia bila kuniuliza, ambacho kwa sasa ni shilingi 5,000. Chini kuna machache yanayorudi kwangu: zidaka (vile vishubaka vya ukutani), mlango wa kuchonga, na ukuta unaobeba dari. Haya hayatengenezeki yakiharibika. Mengine wakosee, tutarekebisha.

Na wapo wasimamizi wanaogawa maamuzi bila kugawa malipo. Hilo silikubali hata kidogo. Nahodha alipata fungu kubwa kuliko baharia kwa sababu chombo kikipanda mwamba ataulizwa yeye. Mkuu wa kikosi anayelala akiwaza maji ya alfajiri amebeba mzigo uliokuwa wangu. Namwongezea shilingi 300 kwa siku, na kwenye hesabu ninayompelekea mwenye nyumba naiandika mstari wake peke yake, kwa jina la ujira wa kuamua. Mwenye nyumba mmoja aliniomba niufute mstari huo. Nilimjibu kwamba nitaufuta siku atakapokubali kuja mwenyewe gatini saa kumi alfajiri kuupokea mchanga.