Ukibonyeza Mapema Kosa, Ukichelewa Kosa

Jamani, diski haionekani, unataka kuchungulia BIOS, ile programu ya ubao-mama inayoamka kabla ya Windows, ujue kama yenyewe inaiona. Nani aliyeamua mlango wake ufunguliwe kwa sekunde mbili tu? Nembo inachungulia, inapotea, na Windows huyo kashaingia anazungusha viduara vyake. Wewe kidole hewani.

Na kila kampuni na kitufe chake. Dell wanataka F2, HP F10, ThinkPad F1, kompyuta nyingi za mezani Delete. Wangekaa kikao kimoja wakaelewana, wangepungukiwa nini? Haya, kigongegonge tangu unapowasha. Laptopu nyingine hudai na Fn juu yake. Kibodi ya Bluetooth isahau, saa ile bado imelala. Chomeka ya waya.

Halafu huku kuzima kwenyewe ni geresha. Windows 10 na 11 ukizizima, kwa kawaida hazizimiki kabisa. Zinahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake chapuchapu, nawe unapitwa. Dawa: shikilia Shift, bofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings (UEFI ndiyo BIOS ya kisasa). Unaingizwa mpaka ndani bila kukimbizana na nembo.

Umeingia? Hongera, sasa tafuta diski. Diski za SATA, zile za kuunganishwa kwa waya, zina ukurasa wake, NVMe, zile za kijiti kinachochomekwa kwenye ubao-mama, mara nyingi ukurasa mwingine, na mtu anaitangazia msiba diski nzima kumbe kakodolea orodha isiyo yake! Ikikosekana kote, zima, chomoa umeme, kandamiza waya zote mbili za SATA: mwembamba wa data wenye pini 7 na mpana wa umeme wenye pini 15. Kama diski ya zamani imetoweka baada ya kuongeza diski ya kijiti kwenye nafasi ya M.2, soma kijitabu cha ubao-mama. Baadhi ya nafasi za M.2 hunyang'anya tundu la SATA kimyakimya. Hamisha waya tundu jingine, yaishe.

Ila ndugu yangu, ukiona AHCI na RAID, namna mbili za kompyuta kuongea na diski, mikono mfukoni. Ukibadilisha hapo kwa udadisi, Windows inaweza kugoma kuwaka, ikubandikie skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ulikuja kutazama, tazama, toka bila kuhifadhi.

Na BIOS ikiiona diski lakini Windows ikakana kuijua, fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski. Huenda imekosa herufi tu, kama D:, ipe. Ila ikikuomba ku-Initialize (kuiandaa kama diski mpya) diski yenye mafaili yako, bofya Cancel.