Sonata sita za Bach: kinanda kimoja au watu wanne?

Kuna ubishi hauishi kati ya wapenzi wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, na unahusu zile sonata zake sita za kinanda cha mabomba, BWV 525 mpaka 530 (BWV ni namba za orodha ya kazi zake), zile zinazoitwa trio. Upande mmoja wanakwambia zisikilizwe kwa kinanda kama zilivyoandikwa basi, arenjimenti, yaani kuzihamishia kwenye fidla na filimbi, ni kuwatafunia watu wavivu wa kusikiliza. Upande wa pili wanasema kinanda kinazimeza, wape watu wanne wenye fidla, filimbi, selo na hapsikodi (kinanda cha nyuzi zinazodonolewa) uone kama hujazielewa mara moja. Mi nimezisikiliza rekodi za pande zote mbili kwa muda sasa, na naona hawa watu wanabishana kuhusu muziki wakati sehemu kubwa ya ugomvi wao ni maiki na spika.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo, mambo yako hivi. Mpigaji ana kibodi mbili au zaidi zimepangwa juu ya nyingine, mkono wa kulia unapiga sauti moja kwenye kibodi yake, wa kushoto sauti nyingine kwenye kibodi nyingine, na miguu inapiga besi kwenye pedali. Sauti tatu tu, hakuna noti za kujazia katikati, hakuna pa kujificha. Tena mkono wa kushoto hausindikizi wa kulia kama tulivyozoea, zote mbili ziko sawa, hii ikisema jambo ile inalirudia, zinapishana, zinapandiana, na miguu nayo haikai kimya. Forkel, aliyeandika maisha ya Bach mwaka 1802, anasema mzee alimtungia mwanae mkubwa Wilhelm Friedemann ili zimkomaze awe mpigaji wa kweli. Nakala aliyoiandika Bach kwa mkono wake ni ya mwaka 1730 hivi, na 1733 kijana akapata kazi ya kinanda pale kanisa la Sophienkirche, Dresden. Kwa hiyo zoezi lilifanya kazi. Mpaka leo wapiga kinanda wanaziogopa kuliko zile tokata kubwa zenye makelele, maana kwenye tokata ukikosea noti moja inaweza kupita, huku kila noti inasikika.

Au niseme inatakiwa isikike, na hapo ndo shida inapoanzia.

Kinanda kikubwa kimekaa juu kwenye kanisa la mawe lenye mwangwi wa sekunde kadhaa, mtu wa rekodi anataka msikilizaji asikie ukubwa wa kanisa, anaweka maiki mbali, matokeo yake ni kwamba kwenye zile sehemu za haraka noti ya kwanza bado iko hewani wakati ya tatu na ya nne zimeshafika, na sauti mbili za juu zinageuka uji. Ukikaa ndani ya kanisa lenyewe macho na masikio yanakusaidia kidogo, unajua sauti inatoka wapi, lakini kwenye rekodi kila kitu kinapitia kwenye spika mbili, au moja tu kama ni ya simu.

Besi sasa ndo inaumia zaidi. Noti ya chini kabisa ya pedali kwenye bomba la futi 8 kwa urefu iko kama Hz 65, yaani mitetemo 65 kwa sekunde, ukiongeza la futi 16 inashuka mpaka kwenye Hz 33 hivi, na spika ya simu chini ya Hz 200 ni hoi. Utasema mbona selo nayo noti yake ya chini ni hiyohiyo Hz 65 na inasikika kwenye simu? Ni kwamba uzi unaokwaruzwa na upinde unatoa sauti nyingi za juu pamoja na ile ya msingi, na sikio letu lina ujanja, likizisikia zile za juu linajijazia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Lakini yale mabomba ya mbao yaliyozibwa juu, ambayo mara nyingi ndo yanabeba pedali, yanatoa karibu sauti ya msingi peke yake, hivyo simu ikishindwa kuitoa hakuna kinachobaki. Yaani trio inakuwa duo. Halafu mtu anakwambia Bach wa kinanda ni mgumu kuelewa, wakati theluthi nzima ya muziki haijamfikia.

Kwa hiyo upande wa arenjimenti una hoja, na sio hoja ya spika tu, historia pia iko nao. Mtindo wenyewe wa sonata ya trio ulikuwa ni wa vyombo vya sebuleni kabla haujafika kwenye kinanda, Mwitaliano Corelli na wenzake waliandika za fidla mbili na besi kwa mafungu. Na Bach mwenyewe hakuwa na woga wa kuhamisha. Sehemu ya kwanza ya sonata ya nne, BWV 528, ilitoka kwenye kantata (kazi ya kuimbwa kanisani na vyombo) namba 76 ya mwaka 1723, ambako ilikuwa ya obo d'amore, chombo cha kupuliza, na viola da gamba, ya nyuzi. Sehemu ya polepole ya sonata ya tatu, BWV 527, inatokea tena kwenye konseto (kazi ya wapigaji wa mbele na kundi la vyombo) BWV 1044, safari hii ikiwa na filimbi, fidla na hapsikodi, na sauti ya nne imeongezwa. Alichukua konseto za Vivaldi akaziweka kwenye kinanda. Zile korale sita za Schübler, vipande vya kinanda juu ya nyimbo za kanisa, karibu zote zimetoka kwenye kantata zake. Sasa mtu aliyeishi hivi unamtetea vipi kwa kusema kazi yake isiguswe?

Na waliokuja baada yake hawakusubiri ruhusa. Kuna mipangilio ya nyuzi tatu inayopewa jina la Mozart, K. 404a, ambayo imechukua vipande kutoka sonata ya pili na ya tatu, ingawa wataalamu wanatilia shaka kama kweli ni ya Mozart. London, kuanzia 1809, Samuel Wesley na mwenzake Horn walizichapisha zipigwe kwenye piano moja kwa mikono mitatu, kwa sababu vinanda vingi vya Uingereza wakati huo havikuwa na pedali za maana. Siku hizi The King's Consort ya Robert King wamezirekodi zote sita kwa vyombo tofautitofauti, na mwaka 2017 Chris Thile, Yo-Yo Ma na Edgar Meyer wakaipiga ile ya sita kwa mandolini, selo na dabo besi. Hiyo ya mwisho isikilize hata kama unachukia habari za kanisani. Mandolini noti yake inakufa haraka, basi kila kitu kiko wazi kabisa.

Ila wapinzani nao wasichukuliwe kama wazee wa kulinda makaburi, maana wana mambo wanayoyasikia ambayo sisi tunayapita.

La kwanza ni hapsikodi. Kundi la vyombo likipiga hizi sonata mara nyingi linaongeza hapsikodi ya kujaza noti katikati kama ulivyokuwa utaratibu wa zama za Baroki, enzi za Bach, watu wanakuwa wanne, na ule uwazi uliofanya kazi hii iwe ya kipekee unajazwa. Bach alipoacha nafasi tupu alijua anaacha nafasi tupu. Sauti mbili za juu na besi zimeshasema harmoni yote inayotakiwa, ukiongeza noti kwa juu ni kama kumtafsiria mtu lugha anayoijua. Hapa mi niko na wapinzani moja kwa moja, na ndo maana ile ya mandolini isiyo na hapsikodi naiweka juu ya nyingi zenye hapsikodi nzuri tu.

La pili ni ufunguo. Mkono wa kushoto unashuka chini kuliko fidla au filimbi inavyoweza kufika, hivyo mpangaji ama anampa viola sauti hiyo, ama anapandisha wimbo wote. Sonata ya kwanza iko E flati meja, na ukitaka kuipiga kwa filimbi mara nyingi utaikuta imepandishwa mpaka G. Kuna watu hilo linawanyima usingizi. Mi halinisumbui sana, kwa sababu wapiga kinanda wenyewe wana ujanja wao wa siku nyingi, wanavuta rejista (seti ya mabomba) ya futi 4, inayolia oktavu moja juu, kwa mkono wa kushoto halafu wanapiga oktavu moja chini ili mikono isigongane. Hiyo nayo ni arenjimenti, sema haijaandikwa kwenye kava.

La tatu ndo zito. Kwenye kinanda bomba halijui kuvimba, ukibonyeza linatoa hewa ileile mpaka ukiachia, hivyo mpigaji hana namna ya kukwambia hapa sikiliza mkono wa kulia, hapa wa kushoto. Mzani unabaki sawa na wewe msikilizaji ndo unachagua umfuate nani. Fidla haiwezi hivyo, mpiga fidla yeyote mwenye damu akipata sauti tamu ataivimbisha, mwenzake wa filimbi atajishusha kumpisha, na bila kutaka wamekuchagulia. Tena filimbi na fidla hazilingani, sikio linaipa fidla uongozi hata pale filimbi ndo inasema jambo jipya. Kwa hiyo mtu akisema amezielewa sonata baada ya kusikia arenjimenti, swali la haki ni kwamba amezielewa au ameelekezwa?

Japo hapo pia usiwaache wapiga kinanda wapite bure. Wengi wao wanavuta rejista kali kwa mkono mmoja na laini kwa mwingine ili zitofautiane, na tayari wameshampa mmoja uongozi. Usawa kamili ni kitu unachokisoma kwenye noti zaidi ya kukisikia.

Kilichonifanya nigeuke nusu ni mpiga kinanda Helmut Walcha. Huyu alizaliwa Leipzig 1907 na akapoteza macho akiwa kijana, hivyo hakusoma noti, alikuwa anapigiwa kila sauti peke yake mpaka anaishika, kisha anaziunganisha mwenyewe kichwani. Kwenye rekodi zake hilo unalisikia kabisa, kila sauti ina pumzi yake na mwisho wa sentensi yake, mkono wa kushoto haufuati wa kulia hata kidogo. Kati ya 1950 na 1952 alirekodi kwenye kinanda kilichotengenezwa na Arp Schnitger kilichopo kijiji cha Cappel kaskazini mwa Ujerumani, kanisa dogo, rekodi ya mono, na hizo za mono nazikuta ziko wazi kuliko nyingi za kisasa zilizofanyika kwenye makanisa ya kutisha kwa ukubwa. Baadaye akaenda Alkmaar, Uholanzi, kwenye kinanda kikubwa, stereo, kuanzia 1956, na huko kuna utajiri zaidi lakini kwa sonata hizi roho yangu iko Cappel. Kwa kinanda kidogo, chumba kisicho na mwangwi mwingi na mpigaji anayetenganisha sauti, yale mengi tuliyokuwa tunayafuata kwenye arenjimenti yanapatikana palepale kwenye chombo chenyewe.

Mpiga kinanda E. Power Biggs aliliona tatizo hilohilo akalitatua kwa njia nyingine. Miaka ya 1960 alizirekodi kwenye hapsikodi yenye pedali, mtu mmoja bado, mikono miwili na miguu, ila nyuzi zinazodonolewa badala ya mabomba. Mwangwi haupo, kila noti ina kichwa chake. Wengine hawaipendi hiyo rekodi, wanasema inachosha kwa kugongagonga, na kwenye sehemu za polepole wana haki, noti inakufa kabla haijasema chochote. Ila kwenye zile za haraka inathibitisha kwamba kumtoa mtu mmoja na kuweka wanne haikuwa lazima.

Na huyo mtu mmoja ana maana yake, ingawa ni ngumu kueleza bila kuonekana unaleta mambo ya kiroho. Ile sonata ya sita, BWV 530, inaanza na mikono yote miwili inapiga wimbo uleule kwa pamoja kabla haijaachana. Watu wawili wakifanya hivyo unasikia wamekubaliana, hata wakiwa mabingwa kuna kachembe ka tofauti. Kwenye kinanda hakuna makubaliano, ni kichwa kimoja, na zinapoachana unashtuka kidogo kwamba kumbe zilikuwa mbili. Hilo sijalipata kwenye arenjimenti yoyote, hata ya kina Thile.

Sehemu za polepole hapana, huko nawapa ushindi watu wa vyombo bila ubishi. Adagio ya sonata ya tatu kwa filimbi na fidla inaimba kwa namna ambayo bomba haliwezi, na kama Bach mwenyewe aliihamisha kwenda huko basi sijui tunabishana na nani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi namuuliza kwanza anasikilizia nini. Kama ni simu bila iafoni, achukue arenjimenti, kinanda hapo utakuwa unakionea. Kama ana hedifoni nzuri au spika zenye besi, aende kwenye kinanda kidogo kilichorekodiwa kwa karibu, na ajue kwamba masikio yetu wengi tuliokulia na kibodi za umeme kanisani, zile zenye kitufe kimeandikwa organ na mtetemo juu yake, yatahitaji siku chache kuzoea kwamba bomba halitetemi namna ile.

Shida ni kukipata hicho kinanda kidogo. Kwenye apu za muziki unawekewa jina la mpigaji, picha yake na mwaka ambao mara nyingi ni wa kutoa upya rekodi na sio wa kurekodi, lakini kinanda gani, kanisa gani, mara nyingi hakuna, wakati kwenye kijitabu cha sidii ilikuwa ndo habari ya kwanza na orodha ya rejista iko pale. Kwa rekodi ya fidla unaweza kuishi bila kujua fidla ni ya nani. Kwa kinanda cha mabomba hiyo ni nusu ya rekodi, na wanaouza wameamua haina umuhimu.