Wale waliovunjiwa Roma walimlilia nani?

Nimesoma hii makala ya Mussolini, yule dikteta wa Italia, na alivyovunja mitaa ya mji wa Roma, nimeisoma mara mbili, kilichoniuma sio hata yale majengo. Watu mnaangalia mawe tu ila kitu kilianzia ofisini, mwaka 1925 meya wa kuchaguliwa na madiwani wake wakafutwa akaletwa gavana anayeteuliwa na serikali, sa hapo ukivunjiwa unaenda kulia kwa nani? Alafu ndo barabara ikapita, Via dell'Impero, toka uwanja wa Piazza Venezia alipokua na ofisi yake Mussolini mpaka Colosseum, lile jengo la kale la michezo ya Warumi, wakachimba kilima cha Velia wakafyeka na mitaa ya watu, ikafunguliwa tarehe 28 Oktoba 1932 kwa gwaride. Waliokua wanaishi pale wengi walisombwa nje ya mji, kule Gordiani vyumba vya chapchap na vyoo vya kushea.

Mi niko Ujiji, bibi yangu alishawahi kuwekewa X nyekundu, kaamka asubuhi kaikuta ukutani pale pale anapoanikaga dagaa wake, rangi mbichi bado inachuruzika. Akajifunga khanga akaenda kwa diwani, akaambiwa njoo kesho, akaenda na kesho na keshokutwa, mwisho wakavunja baraza tu nyumba ikabaki. Bibi wa Roma hakua na hata huyo diwani wa kumsumbua jamani.

Mwandishi tuandikie na habari za wale wa Gordiani, walirudi mjini au walizeekea hukohuko?