Bethlehem: matanuri yamebaki, nani atayasimulia?

Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji wa Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichopewa heshima hiyo ni majengo ya Wamoravian walioanzisha mji huo mwaka 1741. Ni kanisa lile lile lililofika Rungwe mwaka 1891, na leo waumini wake ni wengi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote. Ng'ambo ya mto Lehigh yamesimama matanuri matano ya kuyeyushia chuma ya kiwanda cha Bethlehem Steel, yameshika kutu, yana urefu wa karibu mita 70. Hayo hayamo kwenye orodha, lakini ndiko ulipo mjadala mzito zaidi wa utalii wa mji huu: je, ni sawa kiwanda kilichokufa kugeuzwa mahali pa burudani kwa wageni?

Kiwanda hicho ndicho kilichoulisha mji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliajiri watu wapatao 30,000. Chuma cha daraja la Golden Gate ni cha kampuni hiyo. Mwaka 1995 uzalishaji wa chuma ulikoma pale Bethlehem, mwaka 2001 kampuni ikafilisika, na mwaka 2003 wastaafu wake wakapoteza bima ya afya.

Wanaotetea utalii wana hoja nzito. Bila wageni, matanuri yale yangekatwakatwa yakauzwa kama chuma chakavu. Jengo la makao makuu ya kampuni, Martin Tower, lenye ghorofa 21, lilikaa tupu miaka mingi, na Mei 2019 likaangushwa kwa baruti. Kiwandani mambo yalikwenda tofauti: kasino ilifunguliwa mwaka 2009, kodi za eneo hilo zikasaidia kujenga viwanja vya muziki na sanaa chini ya matanuri, na mwaka 2016 karakana ya zamani ikawa makumbusho ya viwanda.

Kinachonigusa zaidi ni njia iitwayo Hoover-Mason Trestle. Ni daraja refu lililokuwa likipitisha vibehewa vya mawe ya chuma, makaa na chokaa, chakula cha matanuri. Tangu 2015 watu hupita juu yake kwa miguu. Unakaribia tanuri kiasi cha kuona ribiti moja moja, mabomba mapana kuliko mlango wa nyumba, na majani yaliyoota palipokuwa na joto na vumbi. Hakuna picha inayoweza kukupa ukubwa ule.

Lakini wanaolalamika nao hawakosei. Mshahara wa kiwandani, uliopiganiwa na chama cha wafanyakazi, ulimwezesha mtu asiye na digrii kujenga nyumba na kusomesha watoto. Kugawa karata kwenye kasino au kuuza vinywaji kwenye tamasha hakumfikishi huko. Usiku matanuri huwashiwa taa za rangi, yanapendeza, na mgeni anaweza kupiga picha akaondoka bila kujua kwamba watu waliungua na kufia pale.

Kuna jambo wengi hawaliangalii. Miongoni mwa majengo yaliyotambuliwa na UNESCO kuna nyumba ya mtambo wa maji ya mwaka 1762, ambamo gurudumu lilikuwa likisukuma maji ya chemchemi kuyapandisha kilimani. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi! Wamoravian walisali na kusaga nafaka mahali pamoja. Kuutenga upande wa majengo ya Wamoravian kuwa mtakatifu na upande wa chuma kuwa wa burudani ni kuikata historia moja vipande viwili.

Kwa hiyo mimi niko upande wa utalii, kwa sharti moja. Wafanyakazi wa zamani wamekuwa wakiwaongoza wageni kiwandani wenyewe, wakionyesha mtu alisimama wapi na alivaa nini chuma kilipomiminwa. Hao wanazeeka. Fedha za taa na majukwaa zipunguzwe kwanza, walipwe wao, warekodiwe sauti zao, na ziwekwe pale pale juu ya daraja ambapo kila mgeni atazisikia.