Mchagua Jembe Ndiye Mkulima Hasa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Najua walikuwa wanawasema wavivu wanaotafuta visingizio, na wavivu hawajaisha. Lakini kwa sisi tunaolipwa kutunza bustani za watu, nadhani methali hiyo imetuharibia kazi nyingi.

Nianze na mkasi wa kupogolea, maana ndio unaoshinda mkononi kutwa. Wa kwanza niliununua kwa kuwa ulikuwa rahisi, na baada ya wiki chache ukaanza kupwaya. Ukibana tawi, halikatiki. Linapenya katikati ya makali na kujikunja. Unavuta, ganda linachunika hadi chini. Nilipogoa safu nzima ya mawaridi kwa namna hiyo. Kwa mbali yalipendeza, nikalipwa. Niliporudi, ncha nyingi zilikuwa zimekauka na kuwa nyeusi. Mwenye bustani akaniuliza kama ni ugonjwa, nami nikamjibu ni jua. Halikuwa jua. Tawi lililopondwa huchelewa kufunga jeraha, na kuvu hupata mlango. Uongo ule bado unanitia haya.

Nyasi nazo zina mambo yaleyale. Mashine yenye kisu butu haikati, inachana, na siku moja au mbili baadaye ncha zimegeuka kahawia. Uwanja unaonekana una kiu ilhali umemwagiliwa jana. Watu wanaongeza maji, kumbe tatizo ni kisu.

Sasa, zana bora si lazima iwe ghali, na rangi inayong'aa haimaanishi kitu. Dukani huwa najiuliza swali moja tu: hiki nikikitumia kikachoka, naweza kukifungua? Mkasi wenye nati katikati unafunguliwa, unanolewa, unabadilishwa springi. Uliogongwa ribiti ukishapwaya hauna dawa. Kwenye sepetu natazama shingo, pale chuma kinapoupokea mpini, kwa sababu bati lililokunjwa tu hupinda likikutana na mzizi wa kwanza wa maana. Mpini nao nautazama nyuzi zake: zikienda kwa urefu, sawa, zikikatiza kwenda ubavuni, hapo ndipo utakapovunjikia. Ndiyo maana sinunui mpini uliopakwa rangi. Rangi huficha mafundo na nyufa.

Simwambii anayeanza akope fedha ajaze stoo. Reki ya majani, ndoo, turubai, chukua za bei yoyote. Toroli tazama gurudumu, basi. Fedha yako iende kwanza kwenye mkasi, kisha sepetu, na usitoke dukani bila tupa. Tupa ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mkasi wa maana utaishia kutafuna mawaridi kama ule wangu. Kufuta utomvu jioni, tone la mafuta kwenye kiungio, na kupangusa makali kwa spiriti ukitoka kwenye mmea mgonjwa: dakika tano hazifiki.

Mkasi ninaoutumia leo nimeubadilisha makali mara mbili na springi mara moja. Vijana ninaofanya nao kazi huuazima bila shida, ila wanajua siku nitakayomkuta mtu anaukatia waya, hiyo siku tutagombana.