Nataka kuona faili inatoka wapi na inakwenda wapi

Wiki iliyopita nilifuta rekodi za sauti ya bibi yangu, na bado nina hasira.

Zilikuwa kwenye flashi. Niliiburuta folda yake nikaiweka ndani ya folda nyingine niliyoiita "Nakala", humohumo kwenye flashi, nikaamini kwamba sasa ziko sehemu mbili. Baadaye flashi ikajaa, nikafuta "Nakala". Kumbe sikuwa nimenakili chochote. Programu ya mafaili iliyokuja na kompyuta, File Explorer ya Windows, ina kanuni yake: ukiburuta kwenda diski nyingine, inanakili, ukiburuta ndani ya diski ileile, inahamisha. Mkono ni uleule, mwendo ni uleule, matokeo mawili tofauti kabisa. Na ukifuta kitu kwenye flashi, hakipitii pipa la taka. Kimekwenda.

Nimeshaambiwa kwamba ukishikilia Ctrl huku unaburuta, inanakili. Ni kweli. Lakini kwa nini sauti ya mtu ambaye hayupo tena iokolewe na kidole nilichokumbuka au kusahau kukibonyeza?

Hapo ndipo nilipoamua kuachana nayo, na ushauri wangu kwa anayetafuta mbadala ni mmoja: chukua programu yenye vidirisha viwili. Kushoto kule faili inakotoka, kulia kule inakokwenda, vyote viwili mbele ya macho yako muda wote. Norton Commander, programu ya zamani ya mafaili, ilifanya hivyo mwaka 1986, na hadi leo sijaona njia iliyo salama zaidi. Tab inakurusha upande wa pili, F5 inanakili, F6 inahamisha. Matendo mawili, vitufe viwili. Kabla ya kuanza, programu inakuonyesha kwa maandishi faili zinapelekwa wapi, nawe unakubali au unaghairi. Ikimaliza, huna haja ya kuamini kwamba nakala ipo, kwa sababu unaiona, na ya asili unaiona palepale ilipokuwa. Kama ningekuwa na dirisha la namna hiyo siku ile, upande wa kushoto ungebaki mtupu na ningeshtuka papo hapo.

Total Commander imeshikilia mpangilio huo tangu 1993. Mimi nimechukua Double Commander kwa sababu ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Aliyezoea kuandika amri ana Midnight Commander. Wa Linux huenda hahitaji kusakinisha kitu: Dolphin na Nemo, programu za mafaili za huko, zinagawanya dirisha ukibonyeza F3, na Dolphin hukuuliza unapodondosha faili kama unataka kuhamisha au kunakili. Swali dogo tu, lakini lingeniokoa.

Na vichupo (tabs), vinavyofungua folda kadhaa ndani ya dirisha moja? Windows 11 ilivipata mwaka 2022, na vina faida yake, ila kichupo kinaficha folda moja nyuma ya nyingine, na tatizo langu ni huko kufichwa. Rangi na mandhari, chagua upendavyo.

Sura ya programu hizi ni ya kizamani, hilo siwezi kubisha. Vitufe ni vingi, siku mbili za kwanza utachoka. Pia ukitaka kuhifadhi barua au picha kutoka programu nyingine, dirisha litakalofunguka ni lilelile la mfumo. Huko hujabadilisha kitu.

PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa, imenirudishia sehemu kubwa ya rekodi. Inasaka data yenyewe kwenye diski bila kutegemea orodha ya majina, kwa hiyo zimerudi na majina ya herufi f na tarakimu tupu. Nasikiliza moja baada ya nyingine, nikishapata zinazohusiana naziteua zote, nabonyeza Ctrl+M ili kuzibadilisha majina kwa pamoja, na Double Commander inanipangia jina la zamani na jipya sambamba kabla haijagusa faili hata moja. Nasoma mstari kwa mstari, ndipo nakubali.

Jana usiku nimefika ya 14, anapoeleza siku aliyozaliwa mama yangu. Ile anayoimba bado sijaipata.