Wacheni kumfanya daktari wa meno zimwi

Juzi niko uani kwa jirani hapa Langoni, Lamu, kitoto cha miaka minne kimeng'ang'ania mabuyu yake ya rangi hakitaki kupokonywa, mamake akamwambia, "Haya kula, kula tu, kesho nakupeleka kwa daktari akung'oe yote na koleo." Mtoto akayaachia pale pale. Wote tukacheka, na mimi pia nilicheka, nikaja kufika kwangu ndio najiuliza nacheka nini, manake maneno hayo hayo nilimwambia kijana wangu na yamenitoa jasho karibu mwaka mzima.

Hebu fikirieni. Mtoto hajawahi kumuona daktari wa meno, hajui hata anafanana vipi, ila ashaambiwa ni mtu wa kung'oa watoto watundu. Sisi wazee wetu walitutisha na zimwi, na uzuri wa zimwi ni kuwa hakuna siku utashikwa mkono upelekwe ukakalie kiti chake.

Wangu alikuwa na miaka mitano gego la chini likaanza kumuuma. Bibi yake akampachika karafuu, na karafuu kweli hutia ganzi kidogo, siibezi, lakini haizibi tundu, usiku wa tatu nyumba nzima hakuna aliyelala. Asubuhi nikamvisha nguo za Idi nikamwambia twende tukanunue aiskrimu. Ndio, nilimdanganya. Alipoona kile kiti na ile taa akaelewa kila kitu, babake akamshika miguu, mimi kichwa, muuguzi mikono, na bado daktari aling'atwa kidole, tukarudi na Panadol na jino lile lile. Njiani kimya, mpaka tumefika karibu na ngome ndio akaniuliza, "Na aiskrimu?" Nikamnunulia, lakini kumtazama usoni sikuweza.

Tangu siku hio ukimwambia fungua kinywa anabana meno kama chaza, kupiga mswaki usiku ikawa vita.

Kilichotuokoa ni punda. Msicheke. Hapa Lamu tuna kliniki ya punda tangu 1987, punda wanatibiwa bure, sasa siku moja tunapita tukakuta mmoja anatazamwa meno, mdomo uko wazi, mtu kamshika na mwengine anamchonga magego, manake punda magego yake yakiliwa upande mmoja hufanya ncha zikamchoma shavu. Kijana akasimama hapo hataki kuondoka. "Mbona halii?" Yule bwana akamwambia huyu mara ya kwanza alikuwa anapiga mateke, ikabidi wamzoeshe, leo unampapasa uso tu unamwacha aende zake, kesho unamgusa mdomo unamwacha aende zake. Mimi nikasimama pale naona haya, punda amefanyiwa taratibu kuliko mwanangu.

Basi tukaanza nyumbani. Jioni baada ya magharibi analala kitandani, nawasha taa ya simu, nachukua kijiko, nahesabu meno, alafu zamu yake anahesabu yangu na hapo ndio raha yake, anatia mkono mzima mpaka kooni. Wiki ya kwanza tulikuwa tunafika meno sita anafunga kinywa, mimi simlazimishi. Tukaja kufika yote 20, ambayo ndio meno ya utoto yakikamilika, na akataka kujua kwa nini mimi nina mengi kuliko yeye (mtu mzima ana 32 akiwa hajang'oa, mimi nina 29, hio tutaiongea siku nyengine).

Alafu tukarudi kliniki ya meno, daktari mwengine, mama mtu mzima hana haraka. Nilimpigia simu kabla nikamweleza yaliyotupata, akaniambia nije naye siku ambayo hakuna kitu cha kufanya. Tulikaa dakika kumi tu, akampandisha kiti juu akamshusha chini, akampa kile kioo kidogo ashike mwenyewe, hio burashi inayozunguka akamwekea kwanza kwenye ukucha asikie inavotekenya. Kila kitu anamwambia, anamuonesha, ndio anafanya. Na wakawekeana ishara, ukiinua mkono mimi nasimama. Mtoto akainua mkono mara tano kumjaribu tu, na yule mama mara zote tano alisimama. Nadhani hapo ndio alimpata.

Siku ya kuziba alilia, sitaki kuwadanganya, sindano ya ganzi ilimfanya alie. Lakini alikuwa anajua inakuja, tulishamwambia itakuchoma kama chungu alafu mdomo utakuwa mzito. Hili neno la "haiumi" mimi nimeshaliapia. Ukimwambia haiumi na ikauma, basi umempa sababu nzuri ya kutokuamini tena, na mbele yako kuna miaka ya kumpeleka kila mara. Na pia usimwambie habari za damu na kung'olewa kama hajauliza, babake alianza kumhadithia jino lake la 2009 nikamkanyaga mguu.

Kuna wale wanaonambia unajisumbua bure, la utoto hilo litang'oka tu. Ya mbele ndio hung'oka mapema, kwenye miaka sita saba, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hata 12, na ndio yanayoshika nafasi ya yale yanayokuja chini yake, likiondoka mapema mengine yanajisogeza. Alafu kwenye miaka sita kuna gego jengine linatoka nyuma kabisa bila kungoja lolote ling'oke, wengi hatulijui tunadhani ni la utoto, kumbe hilo ndio la maisha na huoza mapema kuliko yote kwa kuwa hakuna anayelipiga mswaki. Ukingoja mpaka mtoto alie umeshachelewa, na atakachokumbuka ni kuwa kwa daktari huendwa siku ya maumivu. Wataalamu wanashauri apelekwe kabla hajatimiza mwaka mmoja, mimi niliposikia nikacheka, ana meno manne atatazamwa nini? Nimeelewa sasa, anaenda kuzoea sauti za kule na harufu ya zile glavu.

Wa pili wangu ana miezi 14, ashaenda mara moja, alimvuta daktari miwani wakamaliza.

Kijana naye siku hizi anajifanya fundi, bibi yake akitia mswaki wake wa mti kinywani kabla ya sala anamwambia, "Bibi fungua nione nyuma." Wiki iliyopita daktari kamaliza naye, akanigeukia mimi, "Na wewe mama?" Nikasema nimeacha wali jikoni. Lile tundu langu la juu kulia nalijua tangu nina mimba ya huyu mdogo, na mtoto yuko pale ananitazama, "Mama, si unainua mkono tu."

Tumepewa siku ya Jumanne. Babake anasema atanishika miguu.